Kamusi Alivyosahihisha Mtihani

Madame ndiye aliyetuletea habari ile, na aliileta kama mtu anayeshika panya mfu kwa mkia. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, baridi ya Juni imeikaba Bellevue, mtaa wetu wa Johannesburg, mvuke unatutoka midomoni utadhani sote tunavuta sigara. Tulikuwa tumejikunyata kwenye veranda ya Mayasa, tumelizunguka jiko lake la bati lililotobolewa matundu, lile ambalo huku wanaliita mbaula. Mayasa ni mwanamke wa Tanga. Anauza kahawa na kashata hapo hapo mbele ya nyumba kuukuu iliyokatwakatwa vyumba, na hicho ndicho kijiwe chetu.

Madame jina lake hasa ni Hélène, mtu wa Lubumbashi, ana saluni ya kusuka nywele mtaa wa pili. Alitusomea kwenye simu kwamba chuo kimoja pale Braamfontein kinawaita watu wazima. Kama unaamini somo fulani umeshalijua kazini au katika maisha, nenda kafanye mtihani. Ukifaulu wanakuandikia krediti, somo linahesabiwa kwenye diploma yako, na darasani hukanyagi.

"Diploma ya kupitia dirisha," akasema Madame, akazima simu.

Benki ndiye aliyeumia zaidi. Huyu ni Kang'ethe, Mkenya, anakaa Kensington na anafanya kazi benki, kwa hiyo hatukuhangaika kumtafutia jina. Alisema yeye alikaa chuo kikuu miaka minne, kwenye ukumbi unaovuja, akimsikiliza mhadhiri aliyekuwa akisoma kitabu kile kile alichokuwa nacho yeye mkononi. Kama elimu ile ingepatikana kwa mtihani wa asubuhi moja, basi wamrudishie ujana wake. Mimi naitwa Fundi, natengeneza simu kwenye kibanda cha pembeni. Nikasema kama maisha yanatoa shahada, mimi nimeshaporwa mtaa huu mara nyingi mno, wanipe udaktari wa mambo ya wezi bila kunihoji. Mayasa akasema yake ya uvumilivu waje wamletee hapa hapa, na watukute sisi kama ushahidi.

Tuliendelea kuitemea habari ile mpaka Mayasa alipogundua kitu. Kamusi hakuwa amemsahihisha mtu hata mmoja tangu aketi.

Kamusi ni Vuai, mtu wa Makunduchi, Unguja, amevuka hamsini. Kazi yake ni ukalimani. Kuna kampuni inayomtuma hospitali na mahakamani kuwafasiria watu wanaozungumza Kiswahili. Jina alilipata kwa sababu kwake sentensi haipiti bila kukaguliwa, kama mpakani. Ukisema "hii kahawa iko moto," atakusimamisha, atakuambia kahawa haiwi "iko," atakupa asili ya neno, na atakapomaliza kahawa yenyewe imeshapoa, kwa hiyo umesema uongo pia. Sote alikuwa ametupima. Mimi nazungumza lugha ya makondakta, Mayasa anaimba badala ya kusema, Madame anachinja maneno bila bismillahi. Ama Kiswahili cha Benki, Kamusi alisema hakistahili hata kusahihishwa, kinastahili kuzikwa.

Mayasa alipomuuliza kama anaumwa, akajibu bila kumtazama mtu kwamba ameshajiandikisha mtihani ule tangu wiki iliyopita.

Akatueleza. Kampuni imewaambia wakalimani wote kwamba ifikapo mwaka ujao, asiye na diploma atafute kazi nyingine. Kukaa darasani jioni miaka mitatu, katikati ya vijana wanaotafuna ubani, umri ule haumruhusu. Lakini akipunguza masomo kwa mitihani, njia itakuwa fupi. Ataanza na Kiswahili.

Tulicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa na wivu ndani yake. Ilikuwa sawa na kumtahini Mpemba kukwea mkarafuu. Madame akasema basi na yeye ataomba krediti za kupumua. Benki akakuna kidevu, akasema jioni anasoma shahada ya pili chuo kile kile, na amebakiza somo moja la kujaza nafasi.

"Hata mimi hiyo mtihani naeza fanya," akasema.

Kamusi akageuka polepole, kama mtu aliyeitwa kazini. "Hiyo mtihani. Kang'ethe, mtihani umekukosea nini hata uutie kilema? Kiswahili chako weye ni cha kufukuzia mbuzi shambani. Kaa na hesabu zako."

Benki alimaliza kahawa yake, akasema "sharp," kwaheri ya huku, akaenda zake. Jumatatu akajiandikisha. Ndivyo alivyo: hasira zake hazipitii mdomoni.

Wiki zilizofuata Benki alikuja kijiweni na maswali ya mfano aliyoyachapa kutoka tovuti ya chuo, akawa anayajibu kwa sauti ili Kamusi asikie. Shamba ni ngeli gani, ukuta ni ngeli gani, geuza sentensi hii iwe katika hali ya kutendewa. Kamusi alikunja uso kama anayesikia mtu akipiga mswaki hadharani.

"Ngeli ni za wageni," alisema. "Mwenye nyumba haulizi mlango uko wapi."

Mayasa akamwambia ayatupie jicho tu, maana hata imamu hupitia msahafu kabla ya kusalisha tarawehe. Akajibu kwamba imamu anamwogopa Mungu, yeye chuo hakiogopi. Karatasi zile hakuzigusa.

Siku ya mtihani nilifunga kibanda nikafuatana nao kwenda Braamfontein. Niliwaambia nafuata vioo vya simu mjini, lakini kusema kweli nilikwenda kutazama. Benki alikuwa na kalamu tatu na chupa ya maji. Kamusi alivaa koti juu ya kanzu, kofia yake ya viua kichwani kama anakwenda kuozesha, na kalamu akaiazima kwangu mlangoni. Nilikaa nje ukutani nikala magwinya, maandazi ya wenyeji wa huku, nikisubiri.

Benki alitoka na umati, jasho linamchuruzika katika baridi ile. Kamusi alitoka wa mwisho kabisa, msimamizi anamsindikiza. Alikuwa ameomba karatasi za nyongeza mara mbili. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetoka kuchinja siku ya Idi.

"Nimewasaidia," akasema.

Kwenye basi akatusimulia msaada wenyewe. Ukurasa wa kwanza tu aliyakuta maneno "jibu maswali yafuatavyo." Hilo aliliandikia maelezo upande mzima wa karatasi, kwa sababu mtu akianza safari kwa mguu uliovunjika hafiki. Kwenye ngeli aliandika kwamba swali halimhusu mwenye lugha. Palikuwa na kifungu cha habari kuhusu mwanamke anayepika pilau, kisha wakauliza alitia nini kwanza chunguni. Kamusi alikisoma kifungu, akachukizwa na mpangilio wa vitu, akajibu: "Bi huyu hajui kupika."

Swali la mwisho liliwataka wamwandikie mwenye nyumba barua fupi kulalamikia bomba lililoharibika. Kamusi aliona ni utovu wa adabu kumshitakia mtu bomba kabla ya kumjulia hali. Basi alimsalimia, akamuuliza afya, akamuulizia wazee wake, watoto na jirani zake, akampa pole ya baridi, akamwombea dua, yote kwa Kiswahili ambacho, alisema, mwalimu yule atakwenda kukitia kwenye fremu. Muda ukaisha kabla hajalifikia bomba.

Benki alimsikiliza mpaka mwisho. "Na maswali, mzee? Ulijibu?"

Kamusi akatazama nje dirishani mpaka tukashuka.

Majibu yalikuja Jumamosi moja tukiwa verandani, kila mtu kwenye simu yake. Benki alifaulu vizuri sana, na pongezi juu. Kamusi alikaa na simu muda mrefu, akaiweka mezani kifudifudi. Madame, ambaye hana haya hata ya kuazima, akaigeuza akasoma. Alikuwa ameanguka, tena alama zake zilikuwa chache kiasi kwamba Madame alidhani ni tarehe.

"Mzanzibari ameanguka Kiswahili," akatangaza, "na Mkikuyu amepita. Kesho mutaniambia padri ameanguka misa."

Tulicheka vibaya. Sitajipamba hapa, nilicheka mpaka nikamwaga kahawa kwenye goti. Tulikuwa na miaka ya kusahihishwa ya kulipiza. Mayasa alimuuliza kama chuo hakina mtihani wa kunyamaza. Mimi nikampendekezea aanze na Kizulu, huko labda ana kipaji. Benki alitafuna kashata yake polepole kwa utulivu wa kuudhi kuliko maneno yetu yote. Kamusi akasema mtihani ulitungwa na majahili na kusahihishwa na majahili, na kwamba kufaulu katika mtihani kama ule ni aibu ambayo wengine wataizoea, akatazama upande wa Benki.

Hapo ndipo Madame alipoacha kucheka. Alivuta kigoda akaketi karibu naye.

"Papa Vuai, mie nitakuambia kitu, usikasirike. Bamama ba kwetu bakikuona ku hospitali, banaomba mutu mwingine. Mama moja alisema, 'tumbo inanikata.' Wewe ukamwambia aseme kwanza 'tumbo linanikata,' ndiyo utamwambia docteur. Docteur anangoja, mama anajikunja, wewe unangoja ile 'li' yako. Alikuja ku saluni yangu, akalia. Hakulia juu ya tumbo."

Kamusi aliweka kikombe chini, akavuta kofia, akaondoka bila kuaga. Mtu wa Makunduchi kuondoka bila kuaga ni jambo la kutangaziwa msikitini.

Jumatatu asubuhi akanijia kibandani. Alitaka nimsindikize Braamfontein kwenda kumwona aliyetunga mtihani. Alikuwa ameandaa hotuba, nilimwona midomo ikimcheza ndani ya basi.

Aliyetunga alikuwa mwanamama wa Kimeru, Daktari Kagendo, umri wa kuweza kuwa binti yake. Alitupa shikamoo sote wawili, akatutafutia viti. Kamusi aliitikia marahaba kwa shingo upande, kwa sababu alikuwa amejiandaa kukutana na mtu asiye na adabu. Akaanza. Alimpitisha katika makosa ya karatasi yake moja baada ya jingine, "yafuatavyo" likiwa la kwanza. La pilau aliliweka mwisho, kwa sababu lile, alisema, ni kosa la imani.

Mwanamama yule alichukua kalamu akawa anaandika. Hakubisha. Alisema "yafuatavyo" lilimponyoka, anashukuru, atarekebisha. La pilau alicheka, akasema kwao hata hivyo inalika. Kamusi akaniangalia kwa jicho la ushindi.

Ndipo Daktari Kagendo akamuuliza kazi yake ni nini, akaambiwa ni ukalimani wa hospitali na mahakama.

"Mzee, shahidi akisema neno lenye makosa mbele ya hakimu, unamfasiria vipi?"

"Kama alivyosema."

"Hata sarufi yake ikiwa mbovu?"

"Mimi sikuapishwa kumfundisha shahidi," akasema Kamusi, na nilimsikia anavyojivunia jibu lile. "Nimeapishwa kumfikisha."

Mwanamama akafungua droo, akatoa karatasi za Kamusi, zile kurasa zote za salamu, akazisogeza mbele yake taratibu.

"Maswali yangu yalikuwa na makosa, mzee. Lakini yalikuwa maswali."

Nilidhani atajibu. Nimemjua Vuai muda mrefu, hajawahi kuachia sentensi ya mtu mwingine iwe ya mwisho. Alizitazama karatasi zile, akaigusa ya juu kwa kidole, mahali alipomuulizia mwenye nyumba hali ya watoto. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama mtu akianguka anaruhusiwa kurudia. Akaambiwa anaruhusiwa, kabla mwaka haujaisha.

Kwenye basi la kurudi alisema neno moja tu, na tulikuwa tumeshakaribia kushuka. "Yule mama wa tumbo, namkumbuka."

Jumamosi iliyofuata alikuja mapema. Alipita kiti chake cha kila siku, akaenda kukaa kando ya Benki.

"Shamba ni ngeli gani?" akamuuliza.

Benki hakuwa na huruma ya bure. Alimeza kashata, akafuta vidole kimoja kimoja, akasema mwanafunzi anayetaka kuuliza hunyoosha mkono. Kamusi akanyoosha. Ilibidi Mayasa aingie ndani akacheke huko.

Ikawa ndiyo sinema ya kijiwe. Madame alikuja na wateja wake nusu wamesukwa nusu hawajasukwa, waje wamwone Mzanzibari anafundishwa Kiswahili na Mkikuyu. Benki alikuwa mwalimu wa kiboko. Kamusi akianza kueleza asili ya neno, Benki aligonga meza akamkumbusha kwamba swali ni la alama mbili. Barua ndiyo iliyowachosha zaidi. Kamusi alikuwa akifika kwa wazee wa mwenye nyumba, Benki anamwambia, "Mzee, bomba. Fika kwa bomba." Naye analalamika kwamba kuandika namna ile ni kuingia nyumba ya watu bila hodi. Benki akamwambia mwenye nyumba wa Johannesburg hodi hapigiwi, anapigiwa wakili.

Hata "hiyo mtihani" aliivumilia. Benki aliisema makusudi, mara kwa mara, akimtazama usoni. Mshipa wa shingo ya Kamusi ulikuwa ukituna, kisha unashuka.

Alirudia mtihani mvua za radi zilipoanza. Alifaulu, tena bila sifa yoyote, chini kabisa ya alama za Benki, na Benki alihakikisha habari hiyo inafika mpaka kwa wauza mboga. Somo likahesabiwa. Kampuni ilipoona ameanza, ikamwambia aendelee na kazi wakati akimaliza mengine. Na mengine yapo, tena Kiingereza kinafuata, na Madame ameshasema siku hiyo atafunga saluni aje kukaa mbele.

Baada ya hapo, Jumamosi moja tukiwa tumekaa, akaja mwanamke mgeni, mtu wa Bukavu, mtoto mgongoni na simu mkononi. Alikuwa amepiga kliniki, nesi yuko upande wa pili anazungumza Kiingereza, hawaelewani, na mtu wa spaza, duka dogo la pembeni, alikuwa amemwelekeza kwetu. Madame alimnyooshea Kamusi kidole kabla sisi hatujafikiri.

Kamusi akapokea simu, akamwambia mwanamke aseme.

"Mutoto iko na joto usiku yote," mwanamke akasema, "na dawa bananipa, anatapika yote."

Niliona macho ya Kamusi yakifumba aliposikia "mutoto iko," kama aliyekanyaga msumari. Sote tuliona. Mayasa alisimamisha birika hewani. Kisha Kamusi akafumbua macho, akamwambia nesi kwa Kiingereza kile kile alichoambiwa, hakuongeza wala kupunguza. Akasikiliza jibu. Akamgeukia mama, akamfikishia taratibu kwamba asingoje Jumatatu, ampeleke mtoto sasa hivi, wanamsubiri mlangoni, na ile dawa aende nayo. Akamuuliza kama ameelewa. Mama akasema, "Asanti, papa," akamfunga mtoto vizuri kwa kitenge, akaondoka mbio.

Kamusi alishika kikombe chake, akawa anamsindikiza kwa macho mtaa mzima, mpaka pale kwenye robot, taa za barabarani. Taa ikawaka kijani, mama akavuka, akapotea upande wa pili. Kamusi akaweka kikombe chini.

"Mtoto ana joto usiku kucha," akasema, hamtazami mtu. "Na dawa mliyonipa, anaitapika yote."

"Haya, pumua," Mayasa akamwambia, akammiminia nyingine.